Kopo la Panadol

Swali lilikuwa jepesi, na Tereza alilijibu upesi mno.

"Mama, mzee amemeza dawa gani kabla ya kuja?" Daktari Clementi aliuliza Jumatatu ile, hospitalini Musoma, huku Magesa, mume wa Tereza, akitapika kwenye beseni.

"Hajameza kitu, daktari."

Alikuwa amemeza. Tangu Jumamosi jino lilimtesa kule kwao Kiriba, na uvunguni kulikuwa na kopo la Panadol zilizovushwa kwa magendo kutoka Kenya. Mwaka huo wa 1983 dawa ilitafutwa kwa tochi, na aliyebahatika kuipata aliitafuna kama karanga. Lakini ndio mwaka ule ule wa msako wa wahujumu uchumi. Jirani yao alikuwa ndani kwa ajili ya sabuni. Sabuni tu, jamani! Na mlangoni mwa wodi alisimama askari. Tereza alimwona, akafyata mdomo.

Magesa akachomwa sindano za malaria.

Jumatano macho yake yakawa ya manjano. Alhamisi akawa anamwita mkewe kwa jina la marehemu mama yake, mikono inatetemeka, fizi zinavuja damu. Clementi akamvuta Tereza pembeni.

"Hii si malaria, mama. Ini linakufa. Lenyewe ndilo linaloondoa sumu mwilini na kutunza sukari ya damu. Likishindwa ghafla hivi, hata akili inapotea. Niambie ukweli."

Akasema yote. "Alikuwa anatafunaga nne nne, kila jino likiuma. Kwani Panadol inauaga mtu?"

"Zikizidi, zinaua. Kuna dawa ya kuzuia sumu yake. Jumatatu ningeiagiza Mwanza, pengine ingemwokoa."

Wakamlaza ubavu asipaliwe, wakamtundikia dripu ya glukosi, ya mwisho iliyobaki stoo. Tereza alimshika mkono na kujichukia kwa moyo wote.

Magesa alikata roho Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Tereza hakulia. Alikwenda moja kwa moja kwa yule askari, akamweleza habari za kopo, mpaka na magendo yenyewe.

Askari akavua kofia. "Pole sana, mama. Nenda ukamzike mzee."

"Nikamate," Tereza akasema, amemng'ang'ania mkono wa shati. "Nikamate, baba. Ni wewe niliyekuogopa."