Zamu ya Aliyekaa Kitini

Asubuhi askari walipomchukua kinyozi, mteja alibaki kitini amenyolewa upande mmoja. Wale askari hawakumgusa. Walimtaka kinyozi tu, kwa sababu ya maneno yaliyokuwa yakisemwa dukani mwake. Mteja akajivua kitambaa shingoni, akachomoka mbio na nusu ya nywele zake.

Duka lile lilikuwa na desturi: aliyekaa kitini ndiye msemaji, wa kwenye benchi hunyamaza mpaka yule wa kitini anyanyuke. Hata mlevi alipewa zamu yake. Redioni zilibaki sifa za serikali tu. Malalamiko yalikuwa na kiti kile.

Mke wa kinyozi, Mama Pacha, alizunguka vituo vya polisi mpaka soli zikalika. Kila mahali jibu lilikuwa hayupo. Shemeji zake wakamshauri auze kiti na mashine.

"Duka bila mwenyewe la nini?"

"Mwenyewe si mimi hapa?"

Akafungua. Alifagia sakafu isiyo na unywele, akaitia mashine mafuta, akakaa kusubiri. Wapita njia walipofika pale walivuka ng'ambo, kana kwamba ndani mna ndui. Mvua zikaja, zikaondoka. Alikuwa amekwisha kuanza kutafuta mnunuzi wa kiti, ndipo fundi viatu wa jirani, Msumari, akaingia na nywele zimemtimka.

"Shemeji, ninyoe."

"Huogopi?"

"Naogopa sana. Lakini mke wangu anasema nafanana na mbuzi aliyenyeshewa."

Wawili watatu wakaja kuchungulia mlangoni. Mama Pacha alikuwa amejifunzia vichwani mwa wanawe tu. Mashine ikapitiliza. Akaganda.

"Mbona kimya, shemeji?"

"Nimekuchimbia barabara kisogoni."

"Ya lami?"

"Imenyooka kweli."

"Basi wananchi, pigeni makofi! Ile tuliyoahidiwa kwenye kampeni imeanzia kichwani kwangu!"

Mlangoni mtu aliangua kicheko, akajiziba mdomo, kikamponyoka tena. Kikawashika wote. Mama Pacha alicheka mpaka akaegemea ukuta. Tangu mumewe achukuliwe hakuwa amecheka. Walipotulia, waliokuwa mlangoni walikuwa wamekwisha kukaa kwenye benchi.

"Niko kitini," Msumari akasema, sauti imebadilika. "Nataka kujua rafiki yangu yuko wapi. Basi."

Hakuna aliyetoka. Mama Pacha akakaza mkono, akakimaliza kichwa chote kipara, kwa maana barabara ile haikufichika. Muuza mkaa akainuka kwenye benchi.

"Na mimi, Mama Pacha. Ila yangu iwe na kona."

"Kaa. Sema."

Jua lilipotua, nywele zilikuwa zimetapakaa sakafu nzima, na koo za watu zimekauka kwa kusema.

Mumewe hajarudi. Kila Jumatatu duka huchelewa kufunguliwa, kwa sababu kinyozi na wateja wake huenda kwanza kituoni, wote pamoja, kumuulizia.