Kaka Aliyechukua Reki

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, Chang-bae ndiye aliyeshika mashine ya kufyekea nyasi za makaburi. Ni kaka mkubwa, mashine ni yake, na hakuwahi kumwonjesha mtu. Mwaka huu, walipofika tu mlimani kwenye kaburi la babu, alimvika mdogo wake Sang-gyu mkanda wa mashine begani, yeye akachukua reki.

Yeon-hwa, mke wa Sang-gyu, alikuwa akipanga chupa za pombe ya mchele kivulini. Mkono mtupu haulambwi, lakini mkono unaotoa bila kuombwa nao una lake.

"Shemeji, leo reki imekuwa tamu?"

"Mgongo, shemeji. Uzee unabisha hodi."

Mgongo huohuo ulikuwa umepandisha galoni la petroli kutoka barabarani bila kuguna.

Kinga ya kisu, ile inayozuia mawe yasiruke miguuni, haikuwepo. Yeon-hwa alipouliza, Chang-bae akasema nyasi ndefu hukwama pale, kila mtu kijijini huing'oa. Kweli huing'oa, na ndivyo jirani yao alivyopoteza jicho. Miwani nayo, akasema, imebaki garini. Sang-gyu hakubisha. Kaka yake akisema jua linachomoza magharibi, yeye hugeuza kiti.

Mashine ikanguruma. Sang-gyu akaanza upande wa juu, kama alivyoelekezwa, na Yeon-hwa akamtazama shemeji yake badala ya mumewe. Chang-bae alikuwa akipiga reki mbali kabisa, mahali ambapo hakuna nyasi iliyokatwa bado. Kila mngurumo ulipopanda, aliingiza shingo mabegani kama kobe. Na jicho lake halikubanduka kwenye meza ya jiwe iliyo mbele ya kaburi, mahali pa kuwekea sadaka. Pembe yake moja ilikuwa imefunikwa kwa rundo la nyasi.

Yeon-hwa akaenda pale kama anayetafuta mahali pa kuweka matunda. Zile nyasi zilikuwa kavu, na mashine ndiyo kwanza ilikuwa imewashwa. Akazisogeza, konzi moja akaitia mfukoni. Pembe ya jiwe ilikuwa imemeguka, jeraha jeupe la juzijuzi.

Basi mtu alikuja hapa peke yake na mashine, akagonga jiwe. Na chuma kinachomegua jiwe hakiondoki kizima.

Alitaka kukimbia akamshike mumewe shati. Lakini aliyeshika mashine ukimshtua kwa nyuma hugeuka, na kisu hugeuka naye. Akazunguka kwa mbali, akipanda huku miiba ikimkwaruza, mpaka akatokea mbele ya uso wake, akapunga kofia. Sang-gyu akazima.

"Kuna nini tena, Mama Ha-rin?"

"Chomoa waya wa plagi kwanza. Halafu geuza kisu."

Jino moja la kisu halikuwepo. Kutoka kwenye pengo lake ufa ulikuwa umetambaa kuelekea katikati, mwembamba kama unywele ndani ya bakuli. Kingepasuka wakati wowote, na vipande vingekwenda moja kwa moja miguuni mwa Sang-gyu.

Chang-bae akaja akiburuta reki. "Umegonga jiwe, mdogo wangu," alisema. "Sijui Baba Mkubwa akifika na wazee utamwambia nini."

Yeon-hwa akamnyooshea konzi ya zile nyasi kavu. "Hizi nazo amezikata leo, shemeji?"

Chang-bae akatazama chini. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba alikuja mapema wiki hii ili kupunguza kazi, kwamba jiwe alilijua, lakini kisu, kwa jina la babu aliyelala hapa, hakukiangalia.

"Sasa mbona ulikaa mbali hivyo?"

Chang-bae akaanza kung'oa majani yaliyonasa kwenye reki.

Sang-gyu akavua mkanda, akailaza mashine miguuni mwa kaka yake. "Baba Mkubwa utamwambia mwenyewe, Kaka," alisema, na huo ndio ulikuwa ubishi wake wa kwanza tangu azaliwe. Akachukua mundu, akainama kazini.

Wazee walipopanda mlima, walimkuta Chang-bae amepiga magoti kando ya jiwe, akieleza. Labda alisema ukweli wote, labda nusu. Yeon-hwa hakumsikiliza. Alikuwa amekifungua kile kisu chenye ufa kutoka kwenye mashine, akakiviringisha kwenye kitambaa cha chakula na kukikalia, ushahidi usije ukapotea.