Pipa la Pili la Orrin

Orrin alizikwa Oktoba, kabla ardhi haijaganda. Aliacha mapipa mawili ya stauti ya kifalme, ile bia nyeusi tii, nzito, kali ya kumlaza mkata magogo, iliyolazwa miezi na miezi ndani ya mbao zilizowahi kuhifadhi wiski. Kila Februari watu wa mji ule wa kando ya Ziwa Superior huinywa nje, juu ya theluji, na mtu huchovya chuma cha moto kikombeni mpaka povu liungue na kunukia sukari. Mwaka huu wangekuja wengi, kumuaga Orrin. Na wengine, tusifichane, wangekuja kuona kama mjane wake anaweza.

Maana Orrin ndiye aliyekuwa akipika. Mkewe Marlys alikuwa akionja. Sheria ya nyumba ilikuwa moja: bia haivuki mlango mpaka Marlys ameze na kusema ndiyo. Watu waliona ni mahaba tu ya mke na mume. Duane, mdogo wake Orrin, alikuwa akisema bila haya kwamba kazi ya kunywa na kutikisa kichwa hata yeye angeiweza.

Marlys alikuwa ameshaamua. Bia ya mwisho ya mumewe itakuwa nzuri, ama haitanywewa.

"Haya shemeji," Duane alisema walipoingia ghalani, siku mbili kabla ya tamasha, "tuonje tumalize, nina njaa."

"Wewe una njaa tangu uzaliwe. Lete koleo."

Kila pipa lina msumari mdogo usoni, chini. Ukiung'oa, bia inachuruzika kwenye glasi. Ukishapata ya kuonja unaurudisha, na hewa haiingii. Pipa la kwanza Marlys alilionja polepole, akasema ndiyo. La pili lilikuwa na chaki ya Orrin mwenyewe, maandishi yake yale ya kupinda. Bia ilitoka baridi kama barafu ya ziwani. Duane aliigida glasi yake yote.

"Hii ndiyo yenyewe! Kaka, lala salama."

"Hujaonja. Umebugia."

"Si imefika tumboni?"

Marlys aliifumbata glasi yake kwa viganja viwili, akaiingiza ndani ya sweta, akakaa juu ya kreti. Baridi ni mwongo mkubwa; huficha harufu za bia, nzuri na mbaya. Duane alizunguka, akapiga miayo, akachungulia dirishani, akauliza kama anaatamia yai. Marlys akangoja tu.

Ilipopata joto, akainusa. Chokoleti chungu ikaja, na shayiri iliyokaangwa, na wiski kwa mbali. Moyo ukamdunda kwa furaha. Halafu nyuma yake ikaja harufu nyingine, nyembamba, ya kuchoma pua. Alikunywa, akaomba awe amekosea. Akanywa tena. Ilikuwa siki.

"Hapana," alisema.

"Hapana nini?"

"Imeharibika. Hili halitoki."

Duane alidhani ni mzaha, kisha akaona si mzaha. "Marlys, pipa moja halitawatosha wale watu! Tuyachanganye. Watachovya chuma, sukari itaungua, nani atasikia siki?"

"Samaki mmoja akioza, wote wameoza. Unataka niharibu na lile zima?"

"Unammwaga kaka yangu!"

"Ni mume wangu, Duane!" Sauti yake iligonga bati la paa. "Hakuna atakayekunja uso juu ya bia ya Orrin, mimi nikiwa hai. Shika."

Akampa glasi yake, yenye bia iliyobaki. Duane aliishika huku amenuna kama mtoto aliyenyimwa keki, mpaka Marlys alipomwambia anywe sasa. Akanywa. Uso ukamkunjika wote, kuanzia kidevu.

"Eh! Ilikuwa nzuri sasa hivi!"

"Ilikuwa baridi sasa hivi."

Marlys alilizunguka pipa. Msumari ulikuwa umekaza vizuri. Akapanda kreti kukitazama kizibo cha juu, kile ambacho hakifunguliwi mpaka siku ya kumimina, maana ukikifungua umeikaribisha hewa. Kingo zake zilikuwa zimechubuka kwa kutolewa na kurudishwa.

"Nani amekuwa akifungua hiki?"

Duane alivua kofia, akaikunjakunja.

"Nimekuuliza, shemeji."

"Alikuwa hasikii ladha tena," Duane alisema. "Zile dawa za ugonjwa wake ziliua ulimi, pua ikabaki kidogo. Ukienda kwaya, nilikuwa namleta hapa. Namshika kiuno, naondoa kizibo, anainama ananusa weee, anacheka peke yake. Bia ya kuonja kwa msumari ingemfaa nini? Alinikataza nisikwambie. Alisema utatuua wote wawili."

"Ningewaua kweli," Marlys alisema, na machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Alisemaje? Ilikuwa inanukiaje?"

"Alisema safari hii Marlys atasema ndiyo kabla hajameza."

Alilia kwa kwikwi, mkono juu ya maandishi ya chaki. Duane naye alilia, dume zima. Kisha akauliza kwa woga, "Kwa hiyo alijua imeharibika?"

"Hapana. Wakati ule ilikuwa nzima. Hewa haina haraka, inakula polepole."

"Basi tuiweke tu, shemeji. Kwa kumbukumbu."

"Alinipa kazi moja miaka yote, Duane. Siwezi kuikimbia leo eti kwa sababu inauma."

Akang'oa kizibo, akainama, akanusa mahali pale pale alipokuwa akinusa mumewe. Alinusa kwa muda mrefu. Halafu akakirudisha kizibo, akamwambia Duane ashike upande wa pili, wakalibingirisha mpaka kwenye mfereji, wakakitoa tena, na bia ya Orrin ikaenda zake, nyeusi, ikitoa povu zuri la hudhurungi.

Jumamosi watu walijaa uwanjani. Habari kwamba kila mtu angepata nusu kikombe tu ilishawafikia, na manung'uniko yalikuwa mengi. "Orrin angetujazia!" mzee mmoja alipiga kelele. Mwingine akasema mjane keshaanza ubahili. Marlys alikaza skafu yake.

Duane alisimama kando ya moto, chuma kikiwa chekundu mkononi. Mzee yule akanyoosha kikombe chake mbele ya wote. Duane akakisukuma pembeni.

"Ngoja. Hajaonja."

Akammiminia Marlys kikombe cha kwanza, bila kukichovya chuma, akampa kwa mikono miwili. Marlys alimtazama, kisha akakifumbata kifuani.

"Marlys, tunaganda huku!" walipiga kelele.

"Gandeni," Duane akawajibu.

Wakangoja, uwanja mzima, pumzi zikitoka moshi. Bia ikapata joto taratibu. Marlys akainusa, na kabla hajameza akasema, "Ndiyo."