Kura ya Kumi na Moja

Jumanne, tarehe tisa Juni. Manyunyu yalikuwa yameanza kabla ya alfajiri, na vioo vya gari vilijaa ukungu. Dereva alivifuta kwa kitambaa, akamwombea dada yake kimoyomoyo, ndipo akawasha gari.

Dada mtu alikuwa mbunge wa chama kikubwa, ingawa watu bado walimwita Mkunga kwa kazi aliyoifanya miaka ishirini. Dereva, mdogo wake, alikuwa wa chama kidogo.

"Chama chenu chote kinaenea humu garini," Mkunga alimtania, "na mizigo ikapata pa kukaa."

"Cheka tu, dada. Tulipata kura laki mbili nchi nzima. Viti, sifuri. Hao laki mbili si watu?"



Siku hiyo kamati ya bunge, wajumbe kumi na mmoja, Mkunga akiwa mmoja wao, ilikuwa iamue juu ya muswada mpya: robo ya viti igawiwe vyama kulingana na kura za nchi nzima. Ili viti hivyo vipatikane, majimbo madogo yangeunganishwa, na la Mkunga lilikuwa la kwanza kwenye orodha.

Dereva aliketi nyuma na wananchi. Mjumbe mmoja akaleta pendekezo tamu: sheria ipite, ila ianze kutumika baada ya miaka kumi. Majimbo madogo yangebaki hadi hapo, la Mkunga likiwemo. Nani angeikataa asali hiyo? Mikono mitano ikaunga mkono, mitano ikapinga. Wa Mkunga ulikuwa bado mezani.

"Mama, tunakungoja wewe," mwenyekiti alisema.

"Kule wodini, mwenyekiti, sikuwahi kumwambia mwenye uchungu arudi baada ya miaka kumi."

Ukumbi ukaangua kicheko. Mkunga akapinga. Pendekezo likaanguka, na muswada ukapita kama ulivyo, sita kwa watano.

"Umejifukuza kazi mwenyewe, Mama!" mjumbe yule alifoka.

Dereva alijua yeye asingekuwa na ubavu huo, akamshukuru Mungu kwa dada aliyempa.

Mkunga akasimama, akawageukia wananchi na waandishi wa habari.

"Nikikosa kiti kwa sheria hii, sitakwenda mahakamani, wala sitaomba kingine cha kuteuliwa. Naahidi mbele yenu nyote: atakayeingia badala yangu, awe wa chama chochote, nitamwonyesha kazi mimi mwenyewe."