Gia ya Nne Haikai

Gia ya nne ilichomoka kwa mara ya tatu nikiwa Pasiansi, trei ishirini za mayai zikiwa nyuma, na lori linanipigia honi kama nimelala usukani. Injini ikapiga kelele, gari halivuti. Nikairudisha gia kwa nguvu, gari likaruka, na nyuma yangu nikasikia ile sauti ambayo mfuga kuku hahitaji kuelezwa. Trei mbili zilikuwa zimelala chini. Siwafichi, nilitukana. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu wasitukane, na pale barabarani nilimtukana mkwe wangu mbele ya bodaboda wawili.

Mkwe wangu anaitwa Luhende. Ni fundi magari Buhongwa, na amemwoa binti yangu Modesta. Kabla hajaligusa gari langu nilikuwa namsifu kwa kila mtu. Alipoligusa, nikaacha.

Yote yalianza na bega. Mwezi wa tatu niliteleza bandani nikaangukia upande wa kushoto, na tangu siku hiyo bega limegoma. Mkono unafika kifuani vizuri tu, ukiunyoosha zaidi ya hapo unaona nyota mchana. Sasa gari langu ni la zamani, la gia za mkono, na mkono wake wa gia ulikuwa mrefu kama mwiko wa ugali wa msibani. Kuipata ya kwanza au ya tatu ilibidi niunyooshe mkono wote mbele, na huo mkono wa gia wenyewe ulikuwa unachezacheza, unausukuma huku unaenda kule. Nilikuwa naendesha machozi yananitoka.

Mwanangu wa kwanza, Nathaniel, aliyaona hayo machozi. Nathaniel ni mtu wa ofisini, anapenda mambo yaishe. "Mama, tuliuze," akasema. "Mayai yatabebwa na bodaboda." Nikamwambia bodaboda na mayai havipatani. Akanikumbusha kwamba nina miaka sitini na nne. Nikamwambia najua, mimi ndiye niliyeihesabu.

Sikuwa nagombania mayai tu. Marehemu mume wangu aliniambia maisha yake yote kwamba mimi miguu yangu haifiki kwenye klachi, nikajifunza kuendesha nikiwa na miaka arobaini na tisa, yeye ameshalala kaburini. Tangu hapo sijamwomba mtu anipeleke popote. Si kanisani, si hospitali, si kwa wateja wangu wanaokaanga chipsi Mwaloni Kirumba. Kukaa kibarazani na mkoba mapajani nikisubiri nani leo ana nafasi ya kunibeba, hapana. Hilo nililiogopa kuliko bega lenyewe.

Luhende ndiye aliyeleta wazo, kupitia kwa Modesta. Kuna mkono wa gia mfupi, vijana wanaopenda mbio ndio wanaoufunga, na njia yake ni nusu ya ule wa kawaida. Pamoja nao zinawekwa bushi ngumu, vile vipande vya mpira vinavyoushikilia, ili usicheze. "Anasema hutanyoosha tena mkono, mama," Modesta akanieleza. "Utakunja kiwiko tu." Nikakubali siku hiyo hiyo. Na Nathaniel nikamfunga mdomo: "Likishindikana hili, Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakupa ufunguo kwa mkono wangu mwenyewe." Mdomo wangu hauna breki, tangu utoto.

Mzigo ukaja kwa basi kutoka Dar, na Luhende akaja nao hapa Kiseke, aufunge nyumbani kwangu.

Hapa lazima niseme jambo la ukwe. Luhende ni Msukuma, mimi ni Mkerewe, lakini kwa hili hatupishani: mkwe wa kiume na mama mkwe hawasogeleani. Hatuli meza moja, hatupeani mikono, hakai nilipokaa mimi. Ananisalimia kwa mbali, macho chini, "Shikamoo mama," naitikia "Marahaba," imetosha. Maneno mengine yote yanapita kwa Modesta, hata kama kati yetu kuna hatua kumi. Wengi mjini wameshayaacha haya. Luhende hajaacha, na ndiyo maana nilimpenda.

Kwa hiyo asubuhi ile, kama nilivyofanya kila alipokuja, nililiandaa gari. Nikatoa kanga niliyotandika kitini. Nikatoa na mto wangu, maana mimi ni mfupi na bila mto naona usukani na mawingu tu. Nikakisukuma kiti nyuma hadi mwisho, nikakipangusa. Mkwe akalie mto anaoukalia mama mkwe? Hilo halihitaji kufundishwa. Mto na kanga nikavificha chumbani, nikaenda kusimama dirishani jikoni.

Alifanya kazi kwa utaratibu, siwezi kusema uongo. Alifungua plastiki ya katikati, akauchomoa ule mwiko, akaingia chini ya gari na kutoka na bushi za zamani. "Modesta, mwambie mama azione," akasema. Modesta akaniletea dirishani vipande vya mpira vilivyomegeka kama mkate mkavu. "Mama, anasema uzione." "Mwambie nimeziona." "Anasema ameziona." Siku hiyo nilikuwa bado na furaha, ikanichekesha. Bushi mpya zilikuwa nyekundu, ngumu kama kwato. Akazipaka grisi, akazigonga, zikakataa. Akaomba maji ya moto, Modesta akaja kuyaomba kwangu, nikampa Modesta ampe. Akazilowesha humo, ndipo zikaingia.

Saa saba alikuwa amemaliza. Akalipeleka gari hadi lami na kurudi. "Mwambie mama gia zote ziko sawa. Zitakuwa nzito kidogo mwanzoni, asiogope kuvuta." Akanawa mikono, akaondoka. Kumwangalia mama mkwe anavyopanda gari na kujiweka sawa kitini si adabu, na mimi nisingepanda akiwepo.

Kesho yake nikarudisha mto, nikarudisha kanga, nikakivuta kiti mbele, nikapakia mayai. Ya kwanza ikaingia bega halijui. Ya tatu nusura niimbe. Ya nne ikawa nzito, nikaivuta kama nilivyoambiwa, nikaiachia. Nilipofika kwenye mteremko ikachomoka.

Akaitwa. Nikatoa mto, nikatoa kanga, nikasukuma kiti. Akafungua, akakaza, akajaribu: "Mwambie mama liko sawa." Kesho yake ikachomoka. Akaitwa tena. Mto nje, kanga nje. Akalala chini ya gari hadi mchana, akazirekebisha nyaya za gia, akalipeleka hadi Pasiansi na kurudi: "Mwambie mama sijaona tatizo." Hilo neno lilinikaa kooni. Yeye hajaona tatizo, mimi ndiye ninayekoroga mayai barabarani. Alikuwa ananiita mwongo kwa adabu.

Ndipo ikaja siku ile ya honi na trei mbili. Ijumaa akaja, na mimi dirishani pangu nikashindwa kujizuia. "Modesta," nikasema, kwa sauti ambayo hata jirani hakuhitaji kutega sikio, "muulize mumeo, huko Buhongwa gari linaitwa sawa likishavunja mayai mangapi? Na mwambie kama ufundi umemshinda, akachunge ng'ombe wa baba yake."

Modesta hakuupeleka ule ujumbe. Alisimama katikati ya uwanja akiangalia miguu yake. Haukuwa na haja ya kupelekwa. Luhende aliweka spana chini taratibu, akasema, "Mwambie mama kesho nitakuja kuurudisha ule wa zamani."

Kesho yake ndiyo ilikuwa Jumamosi yenyewe niliyomwahidi Nathaniel. Ule wa zamani ukirudi, bega haliuwezi, na mimi sina gari. Usiku mzima sikulala kwa hasira, nyingine kwake, nyingine kwangu.

Saa mbili asubuhi Nathaniel akaingia na mnunuzi, Mayala, mfanyabiashara wa Busisi aliyevuka daraja alfajiri kuja kuliona gari. Mto ulikuwa chumbani, kama kawaida. Luhende alikuwa ameshachuchumaa kwenye tairi la mbele, ule mkono mrefu wa gia pembeni yake. Mayala akamwambia asubiri kwanza, anataka kulijaribu lilivyo. Wakaondoka yeye na Nathaniel.

Robo saa wakarudi. Mayala akashuka anatabasamu. "Gia zake tamu hizi," akasema. "Fundi, huo mfupi usiutoe, nalichukua nao."

Nathaniel akaniangalia. Hakuwa na ubaya, alikuwa na huruma, na huruma ndiyo iliyoniudhi. "Mama, umejionea. Tatizo siyo gari."

Hakumalizia. Luhende anaweza, Mayala ambaye hajawahi kuliona gari langu anaweza, mimi ndiye siwezi. Nilijiona kizee pale uwanjani, mbele ya mgeni. Mayala alikuwa amenikabidhi ufunguo, na ahadi yangu naijua. Nilichotakiwa kufanya ni kuunyoosha mkono tu.

"Naenda nalo hadi lami mara moja," nikasema. "Ikichomoka, chukueni."

Kwa hasira nikasahau ukwe na adabu zake. Nikaingia chumbani, nikatoka na mto kwapani na kanga begani, nikapita mbele ya Luhende, nikavitandika kitini watu wote wanaona, nikakivuta kiti mbele hadi mwisho, nikapanda. Luhende akageuza uso kama inavyompasa. Lakini alikuwa ameshaona.

"Mama," akasema.

Hakuwa anamwambia Modesta. Miaka mitano ya ndoa, ukiondoa shikamoo, hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwangu. Uso wake ulikuwa umeelekea bandani kwa kuku.

"Mama, huo mto huwa upo?"

"Upo kila siku. Nitaionaje njia?"

"Mbona nikija siukuti?"

"Nautoa. Ulitaka ukalie mto wangu?"

Akajipangusa uso kwa kiganja chenye grisi. "Naomba uweke ya nne, mama. Usiwashe gari."

Nikakanyaga klachi, nikavuta. Kirungu cha gia kikarudi nyuma, kikazama ubavuni mwa mto, ndani ya kanga, kikaishia hapo. Nikavuta zaidi, sponji ikabonyea na kukirudisha. Ule mkono wa zamani ulikuwa mrefu, ulikuwa unapita juu ya mto bila kuugusa. Huu mfupi unapita chini, na kiti changu kikiwa mbele namna ile, unakutana na mto kabla ya kufika mwisho wake; ya pili haikusumbua kwa kuwa iko mbali na kiti. Wiki tatu nzima nilikuwa navutana na sponji, nikidhani ndiyo ule uzito wa bushi nilioambiwa nisiuogope. Na kila mara fundi alipokuja kuutafuta ugonjwa, mimi mwenyewe nilikuwa nimeutoa na kuuficha chumbani, kwa heshima.

Kuku tu ndio walioendelea na mazungumzo yao.

"Modesta, niletee kisu cha jikoni," nikasema.

Niliukata mto ubavu wa kushoto, vidole vinne, pale pale kirungu kilipokuwa kinazama. Chembe za sponji zikadondoka chini na kuku wakaja kuzidonoa. Nikaurudisha, nikakaa, nikavuta ya nne. Ikaingia hadi mwisho, ikagota, ikakaa.

Nathaniel akapanda pembeni yangu bila kuambiwa. Tukaenda hadi Pasiansi, pale pale nilipotukania, nikaweka ya nne na kuondoa mkono kabisa, nikauweka pajani. Ikakaa. Bega liliuma kidogo, sidanganyi, lakini jicho lilikuwa kavu. Tuliporudi alishuka, akamwendea Mayala, akamwambia, "Samahani, kaka. Gari haliuzwi." Mayala akalalamika kwamba ametoka mbali, na alikuwa na haki. Nikampa trei ya mayai, akapoa. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga.

Luhende alikuwa anakusanya spana zake. Ule mkono mrefu alikuwa ameshauegemeza ukutani.

"Modesta," nikaanza, "mwambie mumeo..." Nikanyamaza. Lile la ng'ombe halikupitia kwa mtu. Nililirusha mwenyewe, kwa mdomo wangu, likamfika.

"Luhende, baba," nikasema. "Lile neno la jana. Nimekukosea, nisamehe."

Aliangalia chini, spana mkononi. Kisha akageukia upande wa mke wake.

"Modesta," akasema, "mwambie mama yameisha."

Modesta alikuwa amesimama katikati yetu, kisu mkono huu, kipande cha mto mkono ule. Akamwangalia yeye, akaniangalia mimi.

"Mmesikiana wenyewe," akasema, akaingia jikoni kukaanga mayai yenye nyufa.