Kitanda Kilichotandikwa Mapema

Mwenye nyumba nilimpa jina la Mkaguzi, kimoyomoyo lakini, maana kibarua nakipenda. Nikimaliza kufuta kabati anapitisha kidole juu yake, kisha anakitazama kile kidole weee, utadhani atakihoji. Msafishaji mzuri, aliniambia siku ya kwanza, ni yule ambaye nyumba haijui hata kama alipita. Nikaitikia, nikachukua ndoo.

Balaa lilianza na mashuka. Yalikuwa yanapungua kabatini, na kwa kuwa mgeni pale ni mimi, macho yalinigeukia mimi. Neno wizi hakulitamka. Alianza tu kusimama mlangoni nikivaa viatu vya kuondokea, akiukodolea macho mkoba wangu. Na mimi nikaingiwa na wasiwasi: huyu ananitengenezea kesi. Labda ameshampata mwingine wa bei nafuu, anatafuta sababu ya kunitoa. Nikaanza kumshuku kama alivyonishuku, tukawa tunafuatana chumba kwa chumba kama paka wawili wenye kibakuli kimoja.

Nyumba ile ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na mama yake mzazi, ambaye mimi nilimwita Bibi. Bibi alikuwa na ulimi mkali na magoti mabovu. Mkaguzi alikuwa ameshasema, tena mbele yake, kwamba siku mama atakaposhindwa kujihudumia atapelekwa kwenye makao ya wazee. Alilisema hilo huku akimenya chungwa.

Sasa, mimi chumbani huingia na pua kwanza. Kabla sijafungua dirisha nanusa, ndipo najua nianzie wapi. Lakini kwa Bibi siku hizo nilikuwa nakuta dirisha liko wazi, poda imemwagwa kila mahali, na kitanda kimeshatandikwa. Hapo nikashtuka. Mtu ambaye hata vifungo vya sweta namfungia mimi, kitanda anatandikaje, na kwa nini? Nikafunua shuka. Godoro lilikuwa limelowa. Nikapiga magoti nikachungulia uvunguni, na mashuka yaliyopotea yalikuwa pale, yamesokomezwa nyuma ya sanduku kuukuu, mengine bado mabichi.

Niliyaacha palepale, nikipanga kuyafua Mkaguzi akitoka. Hakutoka. Aliniita sebuleni, nikaenda na ndoo yangu ya kudekia mkononi.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kitambaa. Mkaguzi alinitaka nimwage mkoba mezani. Nikatua ndoo, nikamwaga: aproni, kandambili, kitana. Hakuridhika. Akamgeukia mama yake, akamuuliza kama amewahi kuniona na mashuka.

"Ndiye," Bibi alisema bila kunitazama. "Nilimwona akiyatia mkobani."

Hasira zilinipanda hadi masikio yakawaka moto. Mimi niliyemfichia aibu yake, ndiye ananiuza mchana kweupe. Nikaokota ndoo ili nimtangulie Mkaguzi hadi uvunguni, akajionee mwenyewe.

"Mama, simama twende ukanionyeshe ulimwonea wapi," Mkaguzi alisema.

Bibi hakusimama. Alishikilia mikono ya kiti, na pua yangu ikaniambia kwa nini. Kitambaa cha kiti kilikuwa kimeanza kulowa na kukolea rangi chini ya paja lake. Mkaguzi akasogea amwinue. Nikamtazama yule mzee usoni, na hasira zangu zote zikakosa pa kukaa.

Nikajikwaa, kwa makusudi kabisa, na maji ya ndoo nzima yakaishia mapajani mwa Bibi.

Mkaguzi aliruka nyuma kuyakwepa maji. Akaniambia nitoke nyumbani kwake na nisikanyage tena, mwizi mimi, tena mzembe. Nikaanza kurudisha vitu vyangu mkobani. Sikujuta, ila niliumia sana, maana kazi ile ndiyo iliyokuwa inanilisha.

Nilipopita karibu na kiti, Bibi alinidaka mkono kwa kiganja kilicholowa. Nilijaribu kujitoa taratibu, akakaza.

"Mwongo ni mimi," alimwambia mwanawe. "Mashuka yako uvunguni kwangu, nimeyakojolea. Mwache huyu anivue hizi nguo kwanza. Halafu utufukuze wote wawili."