Kiganja cha Udongo wa Fundi

Fundi cherehani alipokufa aliacha cherehani yenye kelele, mke mwenye ulimi, na kopo la vifungo lisilo na kifungo hata kimoja. Ndani ya kopo mlikuwa na mbegu za nyanya. Alikuwa amezichagua mwenyewe mwaka hadi mwaka, akiliacha tunda bora liive mpaka lilegee, ndipo alikamue. Nyanya zake zilikuwa na ganda laini kama ukope wa mtoto mchanga. Na utamu?

"Nilimsamehe mengi yule mzee kwa ajili ya nyanya," mjane alizoea kusema. "Mengine hata hakuniomba msamaha."

Mwaka uleule wa msiba, mnyauko uliingia bustanini nyuma ya nyumba. Majani ya chini yaligeuka manjano upande mmoja, kama mtu aliyejipaka poda shavu moja akalisahau la pili. Mchana mimea ilijiinamia, jioni ikajiinua, kama mlevi anayeapa kuacha pombe. Halafu ikaja jioni isijiinue tena.

Wakati huo mwana wa mjane alikuwa ndiyo kwanza ameoa. Mkwe, muuza mbegu na mbolea sokoni, alipasua shina kwa wembe. Ndani lilikuwa la kahawia kama meno ya mvuta tumbaku.

"Huu ni ukungu wa udongoni, mama. Unaingia kwa mizizi, unaziba njia ya maji. Hapa usizipande tena nyanya hizi. Unaweza kukaa humu miaka na miaka."

"Na huo ukungu kodi utalipa?"

"Mama!"

"Nauliza tu. Hata mwanangu simlazi bure miaka na miaka."

Mkwe alimletea miche ya mbegu nyingine, iliyozalishwa ili istahimili ugonjwa huo. Ikapandwa kwenye udongo uleule mgonjwa, ikasimama wima, ikazaa mpaka vijiti vikapinda. Mjane alikata moja, akatafuna kwa muda mrefu.

"Hii si nyanya, ni kiatu," akasema. "Tena kiatu angalau kina kamba."

Lakini alizila, maana tumbo halina mwiko.

Koponi zilibaki mbegu za kufunika kitako tu, na mbegu huzeeka kama sisi. Usipoipanda, inakata roho mlemle. Mkwe alikuwa mjamzito, na nyanya ya fundi hajawahi kuionja. Mjane alitaka hilo tu: binti huyu aionje, akabidhiwe mbegu, yeye ndipo amfuate mzee wake kwa raha.

"Unanisikia nikisifu, utadhani niliolewa na nyanya," alimwambia.

Shemeji ya mjane akawapa kipande cha shamba ng'ambo ya kijito, ardhi ambayo haikuwahi kupandwa nyanya. Mkwe alitoa masharti: jembe lioshwe, viatu vioshwe, miche ioteshwe kwenye udongo uliochemshwa. Mjane alitii yote. Jembe alilisugua kuliko alivyowahi kuwasugua wanawe.

Ila fundi naye alikuwa na lake. Kila alipohamisha miche, alitia katika kila shimo kiganja cha udongo wa pale mmea mama ulipokulia. "Mtoto hahami mikono mitupu," alikuwa akisema. Siku ya kupanda, mkwe alipoteremka kijitoni kuchota maji, mjane alifungua pindo la kanga akagawa, shimo kwa shimo. Hakuona kwamba anaficha kitu. Jembe ni chafu, sawa. Lakini udongo ambao fundi aliupigia magoti miaka yote ile, utauitaje mchafu?

Miche ilishika, ikatoa maua, ikaanza kufunga matunda. Kisha jani la chini likawa manjano, upande mmoja.

Mkwe alipasua shina, akaliangalia, akaliangalia tena.

"Shamba hili ni safi. Ugonjwa umepitia wapi?"

"Niliwatilia udongo kidogo wa nyumbani," mjane alisema. "Kama marehemu alivyofanya. Wasijione yatima."

Mkwe alikaa chini, hapohapo kwenye tuta.

"Mama, ukungu ulikuwa humo."

"Na shamba la shemeji?"

"Sasa nalo linao."

Mjane alitafuta mzaha, akaukosa. Ni kama aliyetia mkono mfukoni akakuta tundu.

Kulikuwa na matunda machache, madogo, yaliyoharakishwa na ugonjwa kuiva.

"Nikiyakamua haya?"

"Mbegu zinaweza kuubeba. Utakayempa, umempa na mnyauko."

Mjane alilitazama tumbo la mkwe. Halafu akainama, akang'oa mmea mmoja mmoja kwa mkono wake, asitake kusaidiwa, akairundika na kuitia moto. Moshi ukawaliza wote wawili, na ikawa vizuri kuwa na moshi wa kusingizia.

Matunda aliyaosha, akayakata, akayanyunyizia chumvi. Wakaketi kwenye tuta.

"Haya, mwanangu. Onja nyanya ya baba mkwe wako."

Mkwe alitafuna polepole.

"Tamu, mama," akasema. "Tamu sana."

Mjane alionja kipande chake. Kilikuwa kichachu, majimaji matupu, tunda lililoiva kwa kiu. Akamtazama binti wa watu, aliyejua kila kitu isipokuwa kusema uongo.

"Si nilikwambia?" akamjibu, akameza pamoja na mbegu zake.